Jina Kapuni: Watu Wasiotajwa Nyuma ya Sheria za Treni za London

Haya wadau, leo naomba tuwaache mastaa wapumzike kidogo. Umbea upo, tena wa uhakika, ila wahusika wake karibu wote walishatangulia mbele za haki, na wengi wao majina yao hayakuwahi kutoka gazetini hata siku moja.

Kisa kinaanzia kwa mdau wetu mmoja wa siku nyingi, dada wa Sinza, jina kapuni. Mwaka jana alipata safari ya siku sita London, ya kwanza kwake nje ya Afrika. Kila jioni alikuwa ananitumia voisi, na kila voisi ilikuwa malalamiko. "Shoga, hawa watu wana sheria nyingi kuliko bweni la masista! Gusa kadi. Gusa tena. Simama kulia. Angalia mwanya. Nimetembea na maganda ya ndizi nusu saa nzima stesheni, sijaona pipa la taka!"

Na mimi mnanijua na ugonjwa wangu wa historia. Kila voisi nikawa naijibu kwa kumchimbulia sheria ile ilitoka wapi. Kufikia siku ya tatu dada kanyamaza kulalamika, kaanza kuuliza. Kwa sababu karibu kila sheria iliyomkera ilikuwa na mtu nyuma yake. Kuna aliyekufa, kuna aliyevunjiwa nyumba, kuna aliyevuka bahari kwenda kuifanya kazi ile. Mgeni anaona usumbufu tu, kumbe anapita katikati ya maisha ya watu.

Nimeona niwaletee wote, maana najua humu kuna mtu anasubiri viza.

Simu getini, kadi getini

Mdau alitua Heathrow asubuhi. Wenyeji wake walishamwambia mapema: achana na treni ya haraka ya bei mbaya, panda Piccadilly, ile laini ya bluu iliyokoza ambayo imefika uwanjani hapo tangu 1977. Inakwenda taratibu, karibu saa nzima mpaka katikati ya jiji, lakini nauli yake iko chini kuliko treni nyingine za uwanjani. Ushauri mzuri, chukueni.

Getini akagusisha simu, geti likafunguka. Akafika King's Cross, jirani na hoteli yake, simu imezama ndani ya begi. Akatoa kadi ya benki, ileile iliyounganishwa na simu, akagusisha. Geti likafunguka pia. Furaha tele, ananiambia "kumbe rahisi hivi!"

Usiku akaangalia akaunti. Kakatwa mara mbili, na zote ni nauli ya juu kabisa.

Kosa ni lake mwenyewe, na wageni wengi wanalifanya. Kwa macho ya ule mtambo, siku ile walisafiri watu wawili. Mmoja aliingia Heathrow hakutoka popote, mwingine alitoka King's Cross wakati hajaingia popote. Simu na kadi, hata kama pesa inatoka akaunti moja, vinahesabiwa kama wasafiri wawili tofauti. Chagua kimoja, kaa nacho siku zote za safari. Kuna kikomo cha siku pia, yaani ukishafika kiwango fulani hukatwi tena, lakini hesabu hiyo nayo inafuata kadi moja au simu moja. Na kila mtu awe na yake, usijaribu kumgusishia mwenzio.

Treni unagusa mara mbili, kuingia na kutoka. Basi unagusa mara moja tu unapopanda, ukishuka unaondoka zako. Na usipande basi na noti mkononi, mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu Julai 2014.

Hapo ndipo mdau akauliza swali la mtoto wa mjini aliyekulia kwenye daladala: "Sasa konda wao yuko wapi?"

Konda aliyevuka bahari

Konda alikuwepo, tena kwa miaka mingi sana. Basi la kwanza la kubeba abiria kwa njia maalumu London lilianza Julai 1829, kutoka Paddington mpaka Bank, likivutwa na farasi watatu. Kuanzia enzi hizo hadi wakati wa mabasi mekundu ya ghorofa, kulikuwa na mtu wa kukusanya nauli na kuita vituo. Vita ya kwanza ya dunia ilipowachukua wanaume, wanawake ndio waliovaa sare na begi la tiketi. Vita ilipoisha wanaume wakarudi, na wengi wa wale wanawake wakaambiwa asanteni, nendeni nyumbani.

Baada ya vita ya pili London ikakosa watu. Kazi ya basi ilikuwa ya kuamka usiku na kulala usiku, na Waingereza wengi walikuwa wanapata kazi nyingine zenye saa nzuri zaidi. Mwaka 1956 shirika la usafiri la jiji likaamua kwenda kuajiri moja kwa moja kwenye kisiwa cha Barbados, huko Karibi. Watu waliandikishwa hukohuko kwao, wakapewa kazi za ukonda, za vituoni na za kantini. Serikali ya Barbados iliwakopesha nauli ya kwenda Uingereza, na deni likawa linakatwa kwenye mshahara. Miaka kumi baadaye wakaenda kuajiri Trinidad na Jamaica pia.

We fikiria. Umetoka kwenye jua la kisiwani, umefika London kwenye baridi na deni la nauli. Unapewa sare, unapewa basi, unawahudumia watu siku nzima. Jioni unatafuta chumba cha kupanga, unakuta dirishani kuna kibao kinasema watu weusi hawatakiwi. Hadi 1968 hakukuwa na sheria iliyomkataza mwenye nyumba kukukataa kwa rangi yako. Na kesho yake saa kumi alfajiri unamkatia tiketi mwenye nyumba huyohuyo.

Zile Routemaster, mabasi yenye uwazi nyuma ambapo konda alikuwa anasimama, ziliondolewa kwenye njia za kawaida Desemba 2005. Makonda wakaondoka nazo. Miaka tisa baadaye pesa taslimu nazo zikaondoka. Mlio mdogo unaousikia ukigusa kadi kwenye basi unafanya kazi iliyokuwa inafanywa na mtu mwenye sauti na deni lake la nauli.

Ramani inayodanganya kwa nia njema

Siku ya pili mdau kaamka na mzuka. Anataka kutoka Leicester Square kwenda Covent Garden. Kaangalia ramani ya treni, kaona vituo viwili vinafuatana, kashuka chini, kapanda treni, kakaa. Hajamaliza hata kufungua Instagram, treni imefika. Nauli kakatwa kama kawaida. Covent Garden kakuta foleni ya lifti, kaona isiwe tabu, kapanda ngazi za kuzunguka. Ngazi 193. Voisi ya siku hiyo nilisikia pumzi tupu.

Shoga yangu, kati ya vituo hivyo viwili kuna mita kama 260. Ni umbali mfupi kuliko yote kwenye treni za chini ya ardhi za London. Kwa miguu ni dakika tano, tena unapita kwenye maduka.

Ramani ilimponza kwa sababu haionyeshi umbali. Ilichorwa hivyo makusudi. Zamani ramani za treni zilifuata mitaa ilivyo juu, mistari imejikunja kama tambi, katikati ya jiji majina yamebanana hayasomeki. Mwaka 1931 fundi mmoja wa kuchora michoro ya umeme, aliyekuwa amepunguzwa kazini, akakaa kwa muda wake mwenyewe akawaza: abiria akiwa chini ya ardhi hahitaji kujua barabara inapinda wapi. Anachotaka kujua ni abadilishe wapi na ashuke wapi. Akachora kama anavyochora nyaya. Mistari imenyooka, kona zote zina pembe moja, vituo vya katikati vimepanuliwa na vya mbali vimesogezwa karibu.

Mabosi wakaikataa, eti imezidi mno. Akairudisha tena. Mwaka 1932 wakachapa chache za kujaribu, Januari 1933 wakaitoa kwa umma, watu wakaigombania. Yeye alilipwa pesa kiduchu. Aliendelea kuirekebisha kwa miaka mingi kila laini ilipoongezeka, hadi 1960 shirika lilipotoa ramani ya mtu mwingine bila yeye. Alipambana kuirudisha mikononi mwake, akashindwa. Alifariki 1974.

Leo ramani za treni za karibu dunia nzima zinafuata wazo lake. Kuanzia 1997 ramani ya London ikaanza kubeba mstari mdogo unaomtaja. Kwa hiyo huyu mmoja namtoa kapuni: anaitwa Harry Beck.

Fundisho la mgeni ni kwamba katikati ya jiji uangalie kwanza ramani ya simu. Vituo vinavyoonekana mbali kwenye karatasi vinaweza kuwa mtaa wa pili.

Baker Street na waliovunjiwa nyumba

Siku ya tatu alikwenda Baker Street, na huko nilimwomba asitoke nje haraka. Ashuke mpaka majukwaa ya zamani, ya matofali, yenye dari la upinde na vishimo vikubwa ukutani vilivyokuwa vinaleta mwanga na hewa. Pale amesimama kwenye sehemu ya reli ya kwanza ya abiria ya chini ya ardhi duniani. Ilifunguliwa Januari 1863, kutoka Paddington mpaka Farringdon, karibu kilomita 6. Siku ya kwanza ilibeba takriban watu 38,000.

Na treni zenyewe zilikuwa za moshi, wadau. Kichwa cha treni kinachoma makaa, kinatoa mvuke, humohumo handakini. Mabehewa ya mbao yanawaka taa za gesi. Watu walikuwa wanatoka wanakohoa, na bado kesho yake wanapanda, kwa sababu juu barabara zilikuwa zimejaa farasi na mikokoteni hazipitiki.

Lakini ngoja tuzungumze nani aliilipia. Handaki lile halikutobolewa kwa mashine. Walichimba mtaro mkubwa kutoka juu, wakajenga kuta, wakaweka paa, wakarudishia barabara. Ili uchimbe mtaro lazima uvunje kilichopo, na kampuni ilichagua kupita sehemu zenye nyumba za bei rahisi, hasa bonde la mto Fleet karibu na Farringdon. Maelfu ya maskini waliondolewa. Fidia ilikwenda kwa wenye nyumba, mpangaji hakuwa na chake. Wengi walihamia mitaa ya jirani wakabanana zaidi, maana walihitaji kukaa karibu na vibarua vyao.

Mwanasheria mmoja aliyepigania reli hiyo kwa miaka mingi alikuwa na hoja kwamba treni za bei rahisi zitawawezesha maskini kuishi mbali kwenye hewa safi na kuja kazini kila siku. Alifariki Septemba 1862, miezi minne kabla ya kufunguliwa. Mwaka 1864 kampuni ikaanza kweli treni za alfajiri za wafanyakazi kwa nauli ya chini. Ahadi ilitimia nusu. Waliovunjiwa hawakuulizwa kama nusu inawatosha, na sijawahi kuona ukuta wenye majina yao.

Mdau akanijibu kwa neno moja: "Kimara." Nikamwelewa. Aliyeona nyumba zikivunjwa pembeni ya Morogoro Road hahitaji kuelezwa sana habari ya 1863.

Jambo moja la kukusaidia hapo hapo: kwa kuwa sehemu kubwa ya mtandao ilichimbwa wakati hakuna aliyefikiria kiti cha magurudumu wala begi la kilo 23, vituo unavyoweza kupita bila ngazi hata moja ni kama theluthi tu ya vituo vyote 272. Ukiwa na mzigo au mtoto, tafuta alama ya kiti cha magurudumu kwenye ramani kabla hujaondoka.

Maganda ya ndizi

Sasa lile pipa. Februari 1991, asubuhi watu wanakwenda kazini, bomu lililofichwa kwenye pipa la taka lililipuka ndani ya stesheni ya Victoria. Ulikuwa wakati wa mgogoro wa Ireland ya Kaskazini, na bomu lilitegwa na kundi la IRA. Mtu mmoja aliuawa, makumi walijeruhiwa. Baada ya hapo mapipa yakaondolewa kwenye stesheni kubwa. Siku hizi ukibahatika utakuta mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo, umening'inia kwenye pete ya chuma.

Kwa hiyo ukikosa pa kutupia maganda, yatie mfukoni mwa begi, ukatupe nje. Na usiache begi lako peke yake hata dakika moja ukimbilie selfi. Mwaka 2005, tarehe 7 Julai, mabomu kwenye treni tatu na basi moja yaliua watu 52. Begi lililoachwa pale halichukuliwi kama uzembe.

Ngazi kumi na tisa

Siku ya nne alikwenda Bethnal Green, mashariki mwa jiji, kumsalimia binamu yake. Kwenye kona ya bustani, mlangoni mwa kituo, akaona ngazi ya mbao imegeuzwa juu chini, inaelea hewani. Akapiga picha, akauliza "hii sanaa gani?"

Wakati wa vita ya pili watu wa London walikuwa wanalala vituoni chini ya ardhi kukwepa mabomu ya Wajerumani. Serikali mwanzoni haikutaka. Watu wakanunua tiketi za bei ya chini kabisa, wakashuka, wakagoma kupanda juu, mpaka serikali ikakubali. Bethnal Green kituo kilikuwa hakijamalizika, hakijaanza kupitisha treni, lakini kilitumika kama kimbilio.

Usiku wa tarehe 3 Machi 1943 king'ora kikalia. Watu wakaanza kushuka. Ngazi zilikuwa na taa moja hafifu, zimelowa mvua, hazina chuma cha kushika katikati. Ukasikika mlipuko mkubwa wa ajabu. Watu hawakujua kwamba ni silaha mpya za ulinzi za upande wao wenyewe zinajaribiwa jirani. Wakasukumana. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto alianguka karibu na mwisho wa ngazi, mwingine akaanguka juu yake, na ndani ya muda mfupi ngazi 19 zikajaa watu waliobanana wasiweze kupumua. Walikufa 173, kati yao watoto 62. Hakuna bomu hata moja lililoanguka pale usiku ule.

Serikali ikazuia habari. Magazeti yaliandika kuwa kuna ajali kwenye kimbilio moja la London, bila kutaja kituo. Watu wa mtaani waliambiwa wasizungumze, na wengi wakanyamaza maisha yao yote. Kabla ya ajali, viongozi wa eneo hilo walikuwa wameomba ruhusa na pesa za kurekebisha mlango ule. Walikataliwa.

Ile ngazi iliyogeuzwa ni kumbukumbu, ilikamilika 2017. Majina ya wote 173 yamechongwa. Ilichukua miaka 74 kuyatoa kapuni.

Tangu siku hiyo mdau anashika chuma kila akishuka ngazi. Mimi pia, na niko Dar.

Simama kulia

Hili nimeliweka nyuma makusudi. Siku ya kwanza kabisa, King's Cross, anatoka kwenye Piccadilly na begi lake, kasimama kwenye ngazi za umeme upande wa kushoto. Nyuma yake jamaa wa suti akakohoa. Akakohoa tena. Halafu: "Samahani." Kwa Mwingereza hilo ni tusi kamili. Kulia ni kwa wanaosimama, kushoto ni kwa wenye haraka. Ni desturi ya zamani sana, ngazi za umeme za kwanza kwenye treni hizo ziliwekwa Earl's Court mwaka 1911. Mwaka 2015 walijaribu kituo cha Holborn kuwaambia watu wasimame pande zote mbili, kwa kuwa hesabu inaonyesha ngazi ndefu hubeba watu wengi zaidi hivyo. Hesabu ilikuwa sahihi, ila desturi ilishinda, na leo bado ni kulia.

Lakini nilimwambia mdau: kabla hujamkasirikia yule jamaa, jua umesimama wapi.

Jioni ya tarehe 18 Novemba 1987, kwenye ngazi za umeme za Piccadilly hapohapo King's Cross, mtu mmoja aliangusha njiti ya kiberiti iliyowaka. Hakuna anayemjua. Kuvuta sigara kulishapigwa marufuku kwenye treni na kwenye vituo vya chini, lakini watu walikuwa na tabia ya kuwasha wakiwa njiani kupanda juu, ili wakifika nje wawe wameshaanza. Ngazi zilikuwa za mbao. Chini yake kulikuwa na grisi ya miaka mingi imechanganyika na vumbi, nywele na karatasi. Njiti ikapenya.

Moto ulianza mdogo. Walioshuhudia wanasema ulikuwa kama wa boksi la karatasi. Watu waliendelea kupita. Kama dakika kumi na tano baadaye, kwa ghafla, ukaruka kutoka kwenye ngazi ukajaza ukumbi wa tiketi juu. Walikufa watu 31, mmoja wao mkuu wa kikosi cha zimamoto aliyekuwa ndani akiwahimiza watu watoke.

Miili ikatambuliwa mmoja mmoja, isipokuwa mmoja. Mwanaume. Hakuna aliyekuja kumuulizia. Polisi walisambaza sura yake iliyotengenezwa na wataalamu, wakauliza nchi mbalimbali, hakuna kitu. Akazikwa bila jina, akajulikana kwa namba ya chumba cha maiti, 115. Miaka 16 ilipita. Mwaka 2004 ndipo ikathibitika ni nani: mzee wa Scotland, wa zaidi ya miaka 70, aliyefiwa na mkewe, akapoteza nyumba, akawa analala mitaani London. Binti zake walikuwa wanamtafuta. Polisi walikuwa wamemkadiria umri mdogo sana kuliko wake, ndiyo maana alipita machoni mwao.

Uchunguzi wa serikali ulitoa mapendekezo 157. Sigara ikaisha kabisa chini ya ardhi. Wafanyakazi wakafundishwa namna ya kukabili moto na kuwatoa watu. Ngazi za mbao zikang'olewa moja baada ya nyingine, ya mwisho kabisa, kituo cha Greenford, mwaka 2014. Ngazi ya chuma unayosimama leo, kulia au kushoto, imelipiwa na watu 31. Na mmoja wao alikuwa mtu ambaye siku nzima watu walikuwa wanampita bila kumtazama.

Mdau hakujibu usiku ule. Asubuhi alinitumia picha ya kibao cha kumbukumbu kilichopo kituoni. Alikuwa amekipita mara nane bila kukiona.

Sauti ya Embankment

Siku ya mwisho alikuwa na saa mbili za bure, nikamtuma Embankment, jukwaa la Northern la kuelekea kaskazini. Kaa kwenye benchi, subiri treni ije, sikiliza.

"Mind the gap." Angalia mwanya. Utaisikia vituo vingi, kwa kuwa baadhi ya majukwaa yamejengwa kwenye kona, treni imenyooka, na katikati linabaki pengo ambalo mguu unaingia vizuri tu. Tangazo lilianza kurekodiwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Moja ya sauti hizo ilikuwa ya mwigizaji ambaye hakuwahi kuwa staa mkubwa. Mamilioni walimsikia, hakuna aliyemjua.

Alifariki 2007. Mkewe, daktari, akawa na kawaida: akimkumbuka mumewe anakwenda Embankment, anakaa, anaiacha treni ipite ili amsikie tena. Mwishoni mwa 2012 akaenda akakuta sauti nyingine. Mitambo imebadilishwa. Akauliza wahusika, akaeleza kwa nini anauliza. Walimpa nakala ya rekodi, na mwaka 2013 wakairudisha sauti ya mumewe kwenye jukwaa lile moja.

Mdau akakaa. Akarekodi voisi: kelele za treni, breki, milango, halafu ile sauti nzito ya mzee, maneno matatu tu. Akasema, "Nimemsikia." Hakuongeza lolote, na mnamjua dada yetu huyu kwa maneno.

Amesharudi Dar sasa. Juzi tulikuwa Kivukoni tunasubiri mwendokasi, watu wamejazana mlangoni, mhudumu mmoja wa kituo anapaza sauti sogeeni nyuma, mama shika mtoto, sogeeni nyuma. Hakuna anayemsikiliza. Mdau akamgeukia, akamsalimia, akamuuliza anaitwa nani.

Yule dada akashangaa kwanza. Halafu akacheka, akamtajia.

Haya, tiririkeni hapo chini. Nani mwingine geti la treni limewahi kumtoa kijasho ugenini? Na konda gani wa daladala la utotoni mwako bado unamkumbuka kwa jina? Huyo leo simtii kapuni, mtajeni.